Wanawake wa Tulia walivyoenda kupiga kura na viti vyao, na mimi nilivyobaki bila

Wakuu, nawasalimu kutoka hapa Malili.

Wiki iliyopita mtu aliuliza humu kwa nini watu hawajitokezi siku ya kura, na wengi mkajibu ni uvivu. Nilitaka kujibu pale pale, nikaona maneno yangu yatajaza uzi wa mwenyewe. Ndio nimefungua huu.

Haya yalinipata mimi, si rafiki ya binamu yangu. Mahali panaponiaibisha sijaparuka, na mtaona ni pengi.

Mimi natengeneza simu. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, pale magari ya Mombasa husimama watu wakanunua maji. Lakini kwetu ni Tulia, Kitui. Mama yuko huko, na susu yangu pia yuko huko. Susu kwetu Ukambani ni shosho, yaani nyanya, na huyu ni mama ya baba. Anaitwa Syombua.

Nilipewa jina la marehemu mumewe, Mutua, kwa hivyo tangu nizaliwe ananiita "mzee wangu". Mkitukuta sokoni mama wa miaka themanini na kitu akiniambia, "Mzee wangu, nibebee hiyo kabichi," msishtuke. Ni mila tu.

Sasa, kabla ya uchaguzi mkuu uliopita, mama alinipigia simu.

"Mutua, njoo uongee na susu yako. Amekataa kwenda kupiga kura."

Nikamwambia mama, mtu mzima ana haki ya kukataa.

"Angekataa peke yake ningemwacha," mama akasema. "Amekataa na mwethya wote."

Mwethya ni kile kikundi cha wanawake wanaosaidiana kazi. Leo wanalima kwa huyu, kesho wanachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa yule, na jioni wanasuka viondo, vile vikapu vyetu, pamoja. Wa susu wako ishirini na wawili. Susu akisema kesho ni kwa Kamene, wote wako kwa Kamene. Akisema hakuna kura, basi hakuna kura.

Mgombea mmoja wa udiwani alikuwa ameshawatembelea na leso. Walipokea leso, wakaomba, wakamsindikiza mpaka barabarani kwa wimbo, wakarudi nyumbani na msimamo wao ule ule. Mgombea wa pili akaleta sukari. Hivyo hivyo.

Mama alikuwa na wasiwasi wa kweli. Kura za diwani kwetu huamuliwa na watu wachache sana, na barabara ya kutoka kwetu kwenda zahanati ilikuwa imekatwa na mvua. Mwanamke mmoja alikuwa amejifungulia hapo kwenye korongo, juu ya kanga. Mama alisema kama hawa ishirini na wawili hawataonekana siku ya kura, hakuna diwani atakayekumbuka hilo korongo.

Basi nikajiandaa. Wakuu, nilijiandaa vibaya sana.

Niliingia mtandaoni nikatafuta mambo yanayofanya watu wajitokeze au wasijitokeze kupiga kura. Nikapata orodha safi: elimu, umri, kipato, hali ya hewa, umbali wa kituo, imani kwa serikali. Nikaandika kwenye daftari. Nikanyoa ndevu. Jumapili nikapanda pikipiki yangu nikapita Machakos mpaka Tulia, nikiwa najiona kama mgeni rasmi.

Niliwakuta kwa mama, wamekaa kivulini kando ya tangi la maji, wanasokota katani. Kama hujawahi kuona, mtu anachukua nyuzi za katani anaziviringa kwa vidole juu ya paja mpaka ziwe kamba, na kamba hiyo ndiyo inasukwa kiondo. Wamefanya hivyo tangu wakiwa wasichana.

Nikasimama. Nikafungua daftari. Nikawaambia jambo la kwanza ni elimu.

Walinisikiliza kwa heshima, nawapa hiyo. Nilipofika kwenye hali ya hewa, mama mmoja akauliza kama hiyo orodha inasema mvua itanyesha lini. Nilipofika kwenye umbali, Kamene, rafiki wa susu, akasema shule inayopigiwa kura anaiona kutoka kwa choo chake.

Nilipomaliza, susu akaweka kamba yake chini.

"Mzee wangu, hiyo orodha yako ni nzuri. Kuna mahali imeandikwa mtu kukalishwa kwenye jiwe?"

Nikaangalia daftari, kama mjinga. Nikasema hapana.

Ndipo akanieleza.

Uchaguzi wa kabla ya huo, susu alifika kituoni asubuhi, akapanga foleni kama wengine. Akafika mbele. Wakamwambia aweke kidole kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Vidole vyote kumi. Si ajabu, wakuu. Miaka sitini ya katani na jembe, vidole vyake ni laini kama kijiko. Hakuna mistari iliyobaki ya kusomwa.

Karani alikuwa kijana na foleni ilikuwa ndefu. Akamwambia, "Shosho, kaa hapo kando kidogo, tutakuita."

Hapo kando palikuwa na jiwe. Susu akakaa.

Akakaa saa nne asubuhi, saa sita, saa nane. Watu aliowalea walipita wakipiga kura na kwenda. Wengine wakamsalimia. Hakuna aliyemwita. Jioni walipoanza kufunga milango akainuka, akakung'uta nguo, akaenda nyumbani, na hakumwambia mtu siku tatu nzima.

"Mimi nimezika mume na watoto wawili katika hii lokesheni," akaniambia. "Kila mtu ananijua. Halafu kitu cha ukubwa wa tofali kinasema mimi si mtu, na watu wanakiamini."

Wale wanawake wengine wakaonyesha vidole vyao. Saba kati yao walikuwa wamekataliwa siku hiyo hiyo. Wengine walifuata kwa uchungu wa wenzao.

Nilifunga daftari polepole.

Jumatatu nikaenda pale shuleni. Nikamkuta msimamizi wa kituo akipanga madawati, mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Nikamweleza habari ya vidole.

Hata hakushangaa. Akaniambia sheria ina njia. Vidole vikikataa, wanaandika namba ya kitambulisho kwenye mashine, picha ya mpiga kura inatokea, mawakala wa wagombea wanashuhudia, fomu inajazwa, mtu anapiga kura yake. Dakika chache.

"Sasa mbona susu yangu alikalishwa siku nzima?"

"Huyo aliyemkalisha ama hakujua, ama alisahau," akasema. "Yote mawili ni vibaya. Mwambie aje. Mimi nitakuwa hapa."

Nikarudi mbio na habari njema. Susu akasikiliza mpaka mwisho, akasema maneno ya mdomoni amesikia mengi, mpaka na ya leso. Nikamwambia ni sheria. Akasema hata ile siku ya jiwe sheria ilikuwepo.

Nikachoka, kusema kweli. Nikamwambia, "Susu, unataka nini basi?"

Akafikiria. Kamene akataka kusema kitu, susu akainua mkono.

"Nitaenda. Lakini naenda na kiti changu. Wakinikalisha, nitakaa kwenye kitu changu, katikati ya mlango, si kando."

Kamene akasema, "Hata mimi nina kiti."

Na hivyo ndivyo ilivyoamuliwa.

Jumanne, jua likiwa limeshatoka vizuri, wanawake ishirini na wawili wa Tulia walitoka kwenda kupiga kura, kila mmoja na kiti chake. Kulikuwa na vile viti vya miguu mitatu vya mbao, kulikuwa na vigoda, kulikuwa na viti vya plastiki vya kanisa vilivyoandikwa nyuma jina la kanisa. Mmoja alibeba ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Walivibeba kichwani, mikono mitupu, wakitembea kwa mstari. Mimi nilikuwa nyuma na viti viwili vya wale waliokuwa na magoti mabaya.

Hawakuimba. Hiyo ndiyo iliyotisha watu.

Tukipita sokoni, wenye maduka wakatoka nje. Mtu akauliza kuna matanga wapi. Mwingine akasema hapana, wanaenda kupewa kitu shuleni, mbona wamebeba viti, lazima kuna mkutano na chakula. Habari hiyo ilikimbia kutushinda sisi. Watu ambao walikuwa wameapa hawatoki nyumbani wakaonekana wakifunga vifungo vya shati njiani. Jamaa mmoja alikuja na sahani ndani ya koti, niliiona kwa macho yangu.

Getini, askari akatusimamisha.

"Mama, viti ni vya nini?"

"Ni vya kukalia," susu akasema.

"Hapa si mkutano."

"Sijasema ni mkutano. Nimesema ni kiti."

Mawakala wa wagombea wakakusanyika. Mmoja akasema hiyo ni kampeni, viti ni ishara ya chama. Mwenzake akamuuliza chama gani kina alama ya kiti. Wakaanza kutajiana alama zote, na hakuna aliyepata kiti. Ndoo ndiyo ilibishaniwa kidogo.

Mwishowe msimamizi akatoka. Akaangalia ule mstari, akaniangalia mimi, akaelewa.

"Wacha waingie na viti," akamwambia askari. "Na nyinyi vijana mliosimama mbele, wapisheni wazee."

Foleni ya watu waliokaa inatembea vizuri sana, wakuu. Mtu akiitwa, wote wanainuka, wanasogeza kiti hatua moja, wanakaa tena. Wanaume waliokuwa wamesimama foleni ya pili tangu saa kumi na mbili asubuhi walianza kutuangalia kwa wivu. Mmoja alimuuliza Kamene kama kiti chake kinaweza kukaliwa na wawili. Alijibiwa vibaya.

Susu akaingia. Kwa vile alitaka nimshike mkono, nikaruhusiwa kumfikisha hadi mezani.

Karani akamwomba kidole. Susu akatoa. Mashine ikakataa. Kingine. Ikakataa. Nilihisi mkono wake ukikaza kwangu. Nyuma yetu, wale wanawake walikuwa wameinuka kwenye viti, na nilijua kama huyu akirudi nyuma, ishirini na mmoja wanabeba viti wanaenda nyumbani, na hawatarudi maisha yao.

Kidole cha kumi kilikataa pia.

Msimamizi akasema, "Sawa. Nipe kitambulisho, susu."

Akaandika namba. Akaita mawakala waje waone. Akageuza ile screen.

Ilikuwa picha yake. Ya siku aliyojiandikisha, na kitambaa cha bluu kichwani, amenuna kidogo kwa sababu alikuwa amekatazwa kutabasamu.

Susu aliitazama muda mrefu. Mimi pia nilitazama, na nikaanza kutafuta kitu cha kuangalia juu ya ukuta.

"Kwa hivyo nilikuwa humu ndani siku zote," akasema.

"Ulikuwa," msimamizi akasema. "Ni sisi hatukukutafuta."

Akajaza fomu, susu akatia alama, akapewa karatasi zake sita. Akaingia kwenye kile kibanda cha kadibodi. Alikaa humo hata nikadhani amelala. Nje mtu akalalamika. Susu akajibu kutoka ndani, "Nina deni la miaka mitano, nivumilieni." Mpaka askari akacheka.

Alitoka na wino kwenye kidole, amekiinua kama mtu aliyejikata. Akamwambia msimamizi, "Asante kwa kunitafuta." Kisha akaketi kwenye kiti chake nje ya mlango, akangoja mpaka wa mwisho katika wale ishirini na wawili akamaliza. Kumi na mmoja walikataliwa na mashine. Wote kumi na mmoja walipiga kura.

Sasa wakuu, uzi ungeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini niliahidi sitaruka.

Ilifika zamu yangu. Nikaweka kidole kwa madoido, maana watu walikuwa wananiona.

Karani akaangalia. Akaangalia tena.

"Jina lako halipo kituo hiki."

Nikacheka. Nikamwambia nimezaliwa hapa. Akaniambia nijitafute kwa simu na namba ya kitambulisho. Nikajitafuta.

Kasikeu. Makueni.

Hapo ndipo nilikumbuka. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nanunua ndengu kwa wakulima huko Kasikeu, na siku moja kukawa na watu wanaandikisha wapiga kura chini ya hema. Karani mmoja alikuwa msichana mzuri sana. Nilikuwa nimeshajiandikisha Tulia, lakini sikuwa na sababu nyingine ya kusimama mbele yake. Akaniuliza, "Unataka kuhamisha kituo?" Nikasema ndiyo. Angeniuliza kama nataka kuhamia mwezini ningesema ndiyo. Nilijaza fomu yote nikimtazama. Namba yake ya simu sikupata. Kituo nilihamisha.

Nilipowaeleza wanawake kwamba niko Kasikeu (habari ya msichana nilibaki nayo), Kamene akasema kwa sauti ambayo shule nzima ilisikia:

"Syombua ana jina lakini hana vidole. Mutua ana vidole lakini hana jina."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye ndoo. Mtu mwenye daftari ya orodha, kutoka Malili, aliyekuja kuwafundisha.

Ilikuwa saa saba. Nilihesabu: vituo vinafungwa saa kumi na moja, nikitoka sasa hivi nafika. Tulipofika kwa mama nikarukia pikipiki.

Susu akanishika shati. "Mwanamume hasafiri na njaa."

Nikasema sina wakati. Akasema muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, uko tayari. Wakuu, nani kati yenu amewahi kumshinda shosho kwa mambo ya chakula? Nilikula sahani moja, nikaongezwa bila kuulizwa, nikashushia na uji. Nikatoka karibu saa nane, tumbo limekaa juu ya tangi la petroli.

Niliendesha kama nimetumwa na hospitali. Machakos nikasimama kuweka mafuta. Nikapita Malili hapa bila hata kuangalia kibanda changu. Nikaingia Kasikeu vumbi limenigeuza rangi.

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili.

Geti limefungwa. Askari akaniambia kwa upole kabisa mtu wa mwisho kwenye foleni ameshaingia. Nikamwambia nimetoka Tulia. Akasema, "Pole. Ungetoka jana."

Nje ya geti tulikuwa watano. Nilikaa nao kwenye ukuta. Fundi wa mawe alidhani mwisho ni saa kumi na mbili. Mama mmoja alikuwa amengoja mumewe arudi abaki na ng'ombe anayezaa, na ng'ombe hakuwa na haraka. Mzee mmoja alikuwa ametafuta kitambulisho tangu asubuhi, akakipata ndani ya Biblia, mahali alipokiweka kisipotee. Dada mmoja wa dukani alinyimwa ruhusa na tajiri wake mpaka saa kumi na nusu. Hakuna aliyekuwa mvivu. Wote walikuwa wamekimbia.

Walinigeukia wakauliza, na wewe? Nikasema usafiri.

Jioni hiyo susu alinipigia kwa simu ya mama. "Ulifika?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia hata ile ya msichana wa hema. Nikasikia anavuta pumzi kama anayezuia kitu.

"Basi leo mimi nimepiga kura, wewe umepiga mbio," akasema, akakata simu. Nina hakika walicheka usiku kucha.

Diwani tuliyempata si malaika. Lakini siku ya tatu baada ya kuapishwa alikuja kuliona lile korongo mwenyewe, na aliuliza wale wenye viti wako wapi. Daraja dogo lipo sasa. Halijakamilika upande mmoja, ila pikipiki yenye mgonjwa inapita.

Mimi nilipoenda kuhamisha jina langu kurudi Tulia, susu alisema hataniacha niende peke yangu. Alikuja mpaka ofisini, akakaa nyuma yangu kwenye benchi kama mzazi aliyeitwa shule. Karani, kijana wa kiume safari hii, alipouliza kituo, nilifungua mdomo, na susu akajibu kabla yangu.

"Tulia. Na uandike polepole, mwanangu. Huyu alishapotea mara moja."

Nilipopewa karatasi akanitaka niisome kwa sauti. Nikasoma. Akasema, "Tena." Nikasoma tena, ofisi nzima ikisikiliza, mwanamume wa miaka thelathini na mbili. Ndipo akaikunja, akaifunga kwenye ncha ya leso yake pamoja na kitambulisho changu, na mpaka leo hajanirudishia vyote viwili.

Nilichojifunza ni kifupi. Mtu akikuambia hapigi kura, usimfungulie daftari. Muulize siku ya mwisho alipoenda ilikuwaje, kisha kaa chini usikilize, hata ikichukua mchana mzima. Na kabla ya kwenda kumfundisha mtu mwingine, hakikisha wewe mwenyewe uko wapi.

Kwa hivyo wakuu, kabla hamjaanza kunicheka hapo chini, kila mmoja aangalie kwanza jina lake liko kituo gani. Ukilikuta mahali ambapo hukumbuki ulifikaje, tuambie ilikuwa hema la wapi.